Na meli hadi Bukoba kumuona Kadinali

Toka mwaka juzi bibi alikuwa ananisumbua nimpeleke Bukoba akamuone Kadinali. Nikimwambia bibi, Kadinali Rugambwa kafariki 1997, ananijibu najua, msiba wake nilikuwepo, we nipeleke tu.

Basi nikapata likizo, tukapanda MV Victoria pale Mwanza usiku, daraja la tatu, maboksi mpaka miguuni. Meli kuachia gati tu bibi katoa rozari, na sio yeye peke yake, wamama karibu wote upande wetu wakatoa. Kwa mtu wa Kagera hili ziwa sio la kuchezea, MV Bukoba ilizama kwenye njia hii hii Mei 21, 1996 na mamia ya watu, kuna familia hadi leo hazipandi meli kabisa. Mimi nililala. Nikashtuka bandari ya Kemondo kumekucha, kelele za makuli, alafu muda kidogo Bukoba hii hapa.

Njiani bibi ananipa stori yake, na stori yenyewe ni ya lawama. Yeye ni mtu wa Kashozi, parokia kongwe ya huko, Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, waliianzisha 1892, na Kadinali alizikwa hapo Kashozi kwa muda wakati kanisa kuu la mjini linakarabatiwa. Sasa huo "muda" ukawa miaka 15! Bibi akitoka misa ya asubuhi anapita kaburini anasali ndio anaenda shamba, akazoea, mpaka Oktoba 2012 wakaja kumhamishia mjini. "Walimchukua mtu wetu," anasema, kama vile kaibiwa ng'ombe. Nikamwambia bibi huyu ndiye mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kadinali enzi hizi, Papa Yohane wa 23 alimteua 1960 akiwa askofu huku huku, alafu toka 1968 akawa askofu mkuu wa Dar, kwa hiyo hata Dar wangeweza kudai ni wao. Akanyamaza kidogo. "Dar wasingempata," akasema.

Kanisa kuu la Mama wa Huruma liko mjini kati kati, hulitafuti. Tumeingia siku ya kazi, nikajua litakuwa tupu, kumbe watu wanaingia wanatoka, mwanafunzi na begi lake, mama na tenga lake kaliacha mlangoni, wanapiga magoti dakika mbili wanarudi kwenye shughuli zao.

Bibi akavua ndala, akaenda kaburini, akaweka kiganja kwenye jiwe. Nilitegemea sala. Wapi! Akaanza kumpa habari kwa Kihaya, waitu hivi waitu vile, nami Kihaya changu cha kuokoteza nikadaka bei ya kahawa, mnyauko wa migomba, nani kafa, na lile tetemeko la Septemba 2016 lililompasulia ukuta wa jikoni. Kama robo saa hivi. Alafu akafungua fundo la kanga, akatoa kahawa za kutafuna, moja akanipa mimi, moja akatia mdomoni.

"Haya twende, nimeshamwambia."

Nje bodaboda akataja bei ya kwenda Kashozi, bibi akamwangalia juu mpaka chini, akaanza kutembea.