Mabaka kwenye jani lisilo na ugonjwa

Newala, mwishoni mwa Juni.

Leo alfajiri nilifuatana na mjomba kupulizia salfa mikorosho yake, kazi ambayo hufanywa mapema kabla upepo haujaanza na majani yangali na umande. Aliinamisha tawi moja akanionyesha shada la maua lililotandwa ubwiri unga, ugonjwa uletwao na kuvu, jeupe kama lililomwagiwa unga wa muhogo. "Hivi mjomba," akaniuliza, "mti wenyewe haujui kwamba unaliwa?"

Nilimjibu kwamba mimea hujua, na hujua upesi. Ukuta wa seli za kuvu una kitini, kitu kigumu kinachouimarisha, na vipande vyake vikigusa vipokezi vilivyo kwenye utando wa seli ya mmea, milango ya kalsiamu hufunguka. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi kuliko ndani kwa karibu mara 10,000, kwa hiyo haihitaji kusukumwa; huingia kama maji yaliyokuwa yamezuiwa na kingo, na protini zinazoinasa huamsha ulinzi. Mwaka 2019 watafiti walionyesha, katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis, kwamba mmea ukitambua mkia wa bakteria, protini ya BIK1 ndiyo inayofungua mlango wa kalsiamu uliojengwa na protini za CNGC2 na CNGC4.

Hata hivyo, kilichonikalia moyoni tangu asubuhi si kufunguka kwa milango hiyo, bali kazi ya kuirudisha kalsiamu ilikotoka. Kazi hiyo hufanywa na pampu zinazotumia nishati ya seli, nyingine zikiitoa nje na nyingine zikiipeleka kwenye vakuoli, kile kifuko kikubwa kinachojaza seli. Arabidopsis iliyokosa pampu mbili za vakuoli, ACA4 na ACA11, huota mabaka ya seli zilizokufa ilhali hakuna kimelea kilichoigusa. Mmea unajiua sehemu sehemu kwa kupigana na adui asiyekuwepo! Kwangu mimi hilo ndilo linalostahili kustaajabiwa zaidi: kwamba kila dalili ya hatari hupandishwa na kushushwa kwa kipimo, ndani ya dakika chache, katika seli isiyoonekana kwa macho.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachuma jani changa lenye doa jeusi, akaligeuza upande wa chini, akalikaribisha machoni na kulitazama kwa muda mrefu kabla ya kuibeba tena mashine yake mgongoni.