Nilivyoyatoa maji kwenye tangi la mafuta ya boila

Boila inayopasha nyumba yangu joto inatumia mafuta yanayokaribiana na dizeli, na mafuta yenyewe yanakaa kwenye tangi la chuma nje. Baridi ilipokaza, boila ikawa inawaka, inatetemeka, kisha inajizima. Ina kitufe cha kuiwasha upya, ila fundi alishaniasa: "Usikibonyeze ovyo. Moto ukikataa kushika, mafuta yanabaki mle ndani, na siku yakishika yote kwa mpigo ni balaa." Nikazima umeme, nikafunga valvu ya mafuta, nikaenda kwenye chujio.

Nilimimina kilichokuwa kwenye kikombe cha chujio ndani ya chupa ya kioo, nikakiacha kitulie. Mafuta yalipanda juu yakiwa safi. Chini yalijitenga maji ya rangi ya chai yenye chembe za kutu, na katikati, pale mafuta yanapokutana na maji, palikuwa na utando mweusi unaoteleza kama kamasi. Utando ule ni viumbe hai, bakteria na kuvu. Wanakaa majini na kula mafuta, na asidi wanayotoa inakula chuma. Ndiyo maana tangi huoza kuanzia chini, kwa ndani, huku rangi ya nje bado inapendeza.

Kubadilisha chujio peke yake kusingesaidia kitu. Lita moja ya mafuta haya ina uzito wa kilo 0.84 hivi, maji ni kilo 1, kwa hiyo maji yote huzama. Kwenye tangi langu bomba la kwenda kwa boila limetokea juu kidogo ya sakafu, na maji yanaweza kujikusanya kimyakimya mpaka yafikie kimo hicho. Dalili ikionekana, ujue yako mengi.

Nilipaka dawa ya kupimia maji kwenye kijiti kirefu, ile inayobadilika rangi ikigusa maji, nikakishusha wima mpaka kikagota upande ambao tangi limeinamia. Upande ule ni muhimu. Ukipima upande wa juu utaambiwa hakuna kitu. Rangi ilibadilika kwa kimo cha vidole vinne.

Kuna dawa za kumimina tangini zinazochanganya maji na mafuta ili yaungue pamoja. Kwa unyevunyevu mdogo, sawa. Kwa maji ya vidole vinne nilizikataa kabisa, kwa sababu zingeyapeleka moja kwa moja kwenye pampu ya boila na kwenye nozeli, yaani mdomo unaopulizia mafuta kwenye moto, ambayo tundu lake ni dogo mno.

Nilichukua pampu ya mkono, nikafunga mpira wa kunyonyea kwenye fimbo ili mdomo wake ulale sakafuni. Pampu ya umeme isiyotengenezwa kwa ajili ya mafuta nisingeithubutu. Cheche moja inatosha. Nilivuta taratibu, maana ukiharakisha unalitibua tope. Kwenye dumu yalianza kuingia maji ya kahawia, yakafuata machafu yenye mapovu, halafu mafuta. Nikaliacha tangi litulie usiku kucha, nikavuta tena. Madumu niliyafunga, nikayapeleka panapopokelewa taka za sumu. Uchafu ule haumwagwi kwenye mtaro wala ardhini hata kidogo.

Kazi ya maana zaidi ilikuwa kujua maji yalikopitia kuingia tangini. Nilipanda juu ya tangi, nikafungua mfuniko wa kujazia: mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka, na kofia ya bomba la kupumulia haikuwepo kabisa. Mvua ilikuwa inaingia kwa raha zake. Nilibadilisha vyote viwili. Kisha nikatia dawa ya kuua vile viumbe, nikaweka chujio jipya, na jingine tena baadaye, kwa sababu wakifa mizoga yao inaziba. Fundi akaja kusafisha nozeli na kutoa hewa kwenye bomba.

Siku hizi napima kila baada ya mvua kubwa, na kijiti kinatoka bila kubadilika rangi. Msimu wa joto naliacha tangi likiwa limejaa, ili nafasi ya hewa yenye unyevu iwe ndogo. Na mafuta mapya yakiletwa, boila haiwashwi mpaka tangi litulie saa kadhaa.