Jiwe linavuja

Jioni hii nilikaa karibu na kivuko cha Kamanga, Mwanza, nikichora Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa Ziwa Victoria. Daftari la kuchorea la 2,500, nimelinunua Makoroboi. Kalamu ya wino ya marehemu babu, ile ya kunyonya wino wa chupa.

Mstari wa kwanza tu, wino ukatambaa.

Karatasi hizi za bei chee hunywa wino kama mchanga. Nyuzi zake zinauvuta pembeni, mstari unaota manyoya. Nikafunua ukurasa wa nyuma: madoa matupu. Nikasonya.

Nikajaribu mkono wa haraka, nibu ikigusa tu na kuondoka. Afadhali. Ukisita kidogo, doa!

Mtoto wa karanga akachungulia begani. “Kaka, mbona jiwe linavuja?”

Nilicheka mpaka nikanunua karanga za mia tano.

Ila nikatazama tena. Pale chini, jiwe linapokutana na maji, bluu imesambaa kama ziwa lenyewe saa kumi na mbili. Nisingeweza kuichora vile kwa makusudi.

Wenzangu wa kalamu za wino, mnatumia daftari gani? Msinitajie la elfu thelathini, tarehe zenyewe mnazijua 😅