Stuli ya zege na nondo: CNC ikate kalibu na jigi tu

Anayetaka kujaribu samani za vifaa vya ujenzi aanze na stuli. Saruji, mchanga na nondo ya mm 12 vinapatikana duka lolote la hadiwea. Mashine ya CNC, ile inayokata kwa kuongozwa na kompyuta, haigusi stuli yenyewe. Inakata kalibu, na jigi ya kushikilia miguu wakati mota, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji, inaganda. Usahihi uwekeze hapo, maana kalibu ikikosea mm 2, kosa hilo utalimimina tena na tena.

Kiti ni duara la kipenyo cha mm 350, unene mm 36. Unene huo umetokana na plaiwudi: vipande viwili vya mm 18 vimelaliana. Chukua ile nyekundu yenye utando, wanayofungia zege mafundi wa maghorofa. Shiti ya 1220 kwa 2440 inatoa vipande nane vya 500 kwa 500. Kalibu moja inakula vitatu, kimoja cha sakafu na viwili vya ukuta. Kwa hiyo shiti moja ni kalibu mbili, na vipande viwili vinavyobaki ndivyo jigi zake. Ila pima unene kwa kalipa kabla ya kuchora, kwa sababu shiti ya "18" mara nyingi haifiki 18.

Biti ya mm 6 yenye meno mawili, mizunguko 18,000 kwa dakika, mwendo mm 4,000 kwa dakika, kina mm 6 kila mpito. Ukiipeleka taratibu kwa kuogopa kuivunja, inasugua badala ya kukata. Kingo zinaungua na biti inakuwa butu upesi.

Sasa lile linaloharibu kalibu nyingi. Biti iliyonyooka inaacha ukuta wima, na zege halichomoki kwenye duara la ukuta wima bila kuvunja kitu. Ukuta lazima ufunguke nusu kwa nusu. Chora kila nusu kama kipande kinachojitegemea. Ukikata duara zima halafu ukalipasua katikati, biti inakula mm 6 na duara linageuka yai. Funga nusu hizo kwa skrubu, usitumie gundi.

Kiti kinamiminwa kifudifudi: sakafu ya kalibu ndiyo uso utakaokaliwa. Pitisha silikoni kwenye kona ya chini na uilainishe kwa kidole. Huo mchirizi ndio utakaoviringisha ukingo wa kiti. Ukingo mkali wa saruji humeguka siku stuli inapoanguka.

Miguu ni nondo mbili, kila moja m 1.15, zimepindwa umbo la U lenye kitako cha mm 240 kinachozama ndani ya kiti. Nusukipenyo cha ndani cha kona kisipungue mm 24, la sivyo nondo inapata nyufa pale inapopinda. Wengi hutamani kuzikatisha msalaba, inapendeza machoni, lakini hesabu inakataa. Nondo ya 12 ukiipima pamoja na mbavu zake inakaribia mm 13.5, mbili zikipandana ni 27, na mota inayobaki juu na chini kwa jumla ni mm 9 tu. Kiti kitapasuka kufuata mstari wa nondo. Zilaze sambamba, mm 160 kati yake, uziunganishe ziwe fremu moja kwa vyuma viwili vya mm 6 vilivyochomelewa katikati yake, si juu yake. Miguu ilale nyuzi 8 kwenda nje pande zote mbili. Nondo ya m 12 inatoa stuli tano.

Mashimo ya jigi yawe marefu, mm 14 kwa 20, kwa sababu miguu imelala. Simamisha jigi juu ya kalibu, uso wake wa juu ukiwa mm 450 kamili kutoka sakafu ya kalibu. Miguu itachungulia juu kidogo. Izungushie waya wa kufungia nondo ili fremu ining'inie, mm 12 juu ya sakafu.

Mota ya kiti kimoja: saruji ya daraja la nguvu 42.5, kilo 2.5, mchanga wa mto uliochekechwa kilo 5, maji lita 1. Itaonekana ngumu. Usiongeze maji, tia dawa ya kulainisha zege kwa kipimo cha kwenye chupa. Maji ya ziada yanaacha matundu yakikauka, na kiti kinasinyaa huku nondo haisinyai, ndipo nyufa zinapoanza. Mchanga wa baharini uache kabisa. Chumvi yake inatoa ukungu mweupe usoni na kuilisha nondo kutu, nayo kutu ikivimba inabandua mota.

Paka kalibu mafuta ya kula, kisha uyafute. Yakituama yanatoboa uso. Mimina mm 15, shusha fremu, jaza. Gusisha mashine ya msasa isiyo na karatasi ubavuni mwa kalibu mpaka mapovu yakome. Funika kwa nailoni saa 48. Kabla ya kuondoa jigi, tia alama kila mguu sawasawa na uso wake wa juu. Weka kiti katika unyevu siku saba, ndipo ukate kwa grenda kwenye alama hizo, bapa kama uso wa jigi ulivyokuwa. Miguu yote minne itagusa sakafu bila kabari.