Zambarau iliyonidanganya

Kwa miezi mitatu niliamini nimepata dawa. Nilikuwa natafuta kwenye majani ya mlonge kitu cha kukinga seli zenye afya wakati mgonjwa wa saratani anapigwa mionzi. Dawa iliyopo, amifostini, ilitoka jeshini: taasisi ya Walter Reed ya Marekani ilipima maelfu ya kemikali zama za vita baridi, ikitafuta kinga ya askari dhidi ya bomu la nyuklia. Mwaka 1999 iliruhusiwa huko kupunguza ukavu wa mdomo kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo. Lakini inatapisha, inashusha presha, na hutiwa mshipani muda mfupi kabla ya mionzi. Mimi nilitaka cha kumeza.

Nilipimia MTT, unga wa njano ambao seli hai huugeuza zambarau. Vishimo vya sahani ya maabara vyenye seli na mlonge vilikolea hata baada ya mionzi. Nikamtumia msimamizi wangu picha. Akajibu neno moja: "Tupu?"

Sikumwelewa, na nilikasirika. Kumbe alikuwa anauliza vishimo visivyo na seli. Kesho yake nikachanganya mlonge na MTT kwenye maji ya kulishia seli, bila seli hata moja, nikaweka kwenye inkubeta, kabati la joto la kutunzia seli, nikaenda kunywa chai. Narudi: zambarau tii! Nikajaribu sisteini, asidi ya amino iliyoonekana mwaka 1949 kuwakinga panya dhidi ya eksirei. Nayo zambarau. Dawa za aina hii huzima makali ya mionzi kwa kugawa elektroni, na MTT hugeuka zambarau ikipewa elektroni, haijali zimetoka kwa nani.

Tukaiacha MTT, tukarudi kwenye kuhesabu makoloni, yaani mafungu ya seli, kila moja limezaliwa na seli moja; ni njia ya miaka ya 1950. Unapanda seli chache, unatia dawa, unapiga mionzi, unasuuza, unasubiri siku 10 hadi 14, kisha unapaka rangi na kuhesabu. Koloni lisilofika seli 50 unaliruka. Inachosha macho, ila inauliza swali lenyewe: seli iliyopigwa mionzi inaweza kubaki hai siku kadhaa ikigeuza MTT, lakini kuzaa haiwezi tena. Kundi la kwanza lilikufa lote. Gesi ya inkubeta iliisha Jumapili.

La pili lilifika mwisho. Sisteini ilikinga. Sahani za mlonge na zisizo na dawa zilikuwa karibu sawa, nikaandika hivyohivyo kwenye tasnifu. Sasa nimeanza na mbegu zake, vishimo vitupu kwanza.