Kamusi ya Kikhmer: utafutaji umekubali

Hatimaye! Ukitafuta neno la Kikhmer (lugha ya Kambodia) កណ្ដាល sasa linatoka, hata kama kwenye faili liliingizwa កណ្តាល. Kodoa macho utakavyo, hutaona tofauti. ដ na ត zikishuka chini ya konsonanti nyingine, yaani zikiwa coeng, huchorwa umbo lilelile. Kwenye NiDA, mpangilio wa kibodi ya Kikhmer, la kwanza ni k N j d a l, la pili k N j t a l. Kompyuta inasoma U+178A huku, U+178F kule (namba za herufi katika Unicode, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta), inajibu hakuna.

NFC, njia ya Unicode ya kusawazisha maandishi, haisaidii kitu hapa, kwa sababu Unicode haizihesabu kuwa sawa. Dawa ni safu ya pili ya kutafutia tu, maandishi ya asili yasiguswe, na neno linaloulizwa lipitie kanuni zilezile.

Anza kwa kufuta U+200B, ile alama isiyoonekana inayopachikwa kati ya maneno ili mistari ikatike vizuri, maana Kikhmer hakiachi nafasi. Ikibaki katikati, kanuni zinazofuata hazishiki. Kisha U+17D2 U+178A iwe U+17D2 U+178F (U+17D2 ndiyo alama ya coeng). Halafu unganisha irabu zilizoandikwa vipande: េ na ា ziwe ោ, េ na ី ziwe ើ.

Ya mwisho ndiyo iliyokuwa sugu. Alama ៉ na ៊, zinazohamisha konsonanti kutoka kundi moja la sauti kwenda jingine, zikikuta juu pameshakaliwa na irabu hushuka chini na kufanana kabisa na ុ. Ndiyo maana ស៊ី imejaa kila mahali kama សុី. Kwa hiyo ៉ au ៊ ikifuatwa na U+17B7 hadi U+17BA (irabu ិ ី ឹ ឺ), au U+17BE (ើ), igeuzwe ុ. Usitie ំ kwenye orodha hiyo! ុំ ni irabu halali, kama kwenye សុំ, "omba", na utachanganya maneno yasiyohusiana.

Kuhusu zana: Noto Sans Khmer ni fonti nzuri mno, lakini usiitumie kuhakiki tahajia. Tumia unicodedata.name ya lugha ya programu Python, inayotaja jina la herufi, moja moja; hiyo haifichi kitu.

Kupanga maneno kwa utaratibu wa kamusi ya Kikhmer ya mtawa Chuon Nath kumewekwa kando kwanza. Safu hii hii, ukikusanya maingizo yenye ufunguo mmoja (maandishi yaleyale kwenye safu hiyo), inafichua maneno yaliyoingizwa mara mbili kwa tahajia tofauti, na hayo lazima yaunganishwe kabla ya kupanga chochote.