Casper, mji wa mafuta na upepo

Nikipeleka mzigo kaskazini kutoka Denver kwa barabara ya I-25, napenda kupumzikia Casper, Wyoming. Madereva wenzangu wengi wanaukwepa kwa sababu ya upepo, na kweli si upepo wa kuchezea. Ukiona mabango ya taa yanaonya magari marefu yasiyo na mzigo, egesha, maana trela tupu hulazwa ubavu kama boksi. Mji wenyewe una watu wasiofika 60,000, lakini kwa Wyoming, jimbo lenye watu wachache kuliko yote Marekani, ni wa pili kwa ukubwa baada ya Cheyenne.

Mafuta ndiyo yaliyoujenga. Visima vya Salt Creek viko kama kilometa 65 kaskazini, na kiwanda cha kwanza cha kusafishia kilianza mwaka 1895. Jirani na Salt Creek ndipo Teapot Dome, akiba ya mafuta ya jeshi la wanamaji iliyokodishwa mwaka 1922 bila zabuni. Kashfa ile ilimfikisha Albert Fall, waziri aliyeikodisha, gerezani kwa rushwa, akawa waziri wa kwanza Marekani kufungwa kwa kosa la akiwa madarakani. Mtanzania aliyefuatilia mijadala yetu ya mikataba ya gesi ataielewa hadithi hii haraka.

Ila ninachokipenda zaidi ni ukingo wa mto North Platte. Hapo kampuni ya mafuta ya Standard Oil walijenga kiwanda cha kusafishia mwaka 1914. Kilipofungwa mwaka 1991, kampuni hiyohiyo ikiwa imeshabadili jina kuwa Amoco, ajira zilikwenda na udongo ukabaki umelowa mafuta. Wakazi walikwenda mahakamani hadi kampuni ikabanwa isafishe. Leo pana uwanja wa gofu wa Three Crowns, njia za baiskeli na ofisi. Hukaa pale na chapati zangu nikitazama wazee wakivua trauti, nyasi zimekatwa vizuri, huku kazi ya kusafisha maji yaliyo chini yake ikiwa imechukua miaka na miaka. Nawaheshimu sana watu wale kwa kutokubali kuachiwa uchafu.

Mashariki, karibu na Evansville, kiwanja cha kiwanda cha zamani cha mafuta cha Texaco nacho kimepata kazi mpya: kampuni ya Chevron walisimika mitambo 11 ya kufua umeme kwa upepo uleule unaotulalia sisi barabarani. Ukipita na una saa moja ya ziada, egesha, ushuke mtoni kwa miguu.